Kayaki nne baharini: Mjomba, Shemeji, Fundi na sisi wawili

Alhamisi

Tumefika jioni, jua linazama, kazi ya kwanza ikawa kushusha kayaki juu ya gari kabla giza halijaingia. Ngoja niwatambulishe watu maana mtawasikia sana humu. Kuna Mjomba, mtu mzima, kavua maisha yake yote, kayaki yake ya zamani haina mbwembwe na chini imechubuka kila mahali. Kuna Shemeji, mdogo wake mke wangu, huyu kanunua kayaki mpya ya pedali yenye kipima kina na vishikio vya fimbo sita (binadamu ana mikono miwili lakini haya). Kuna rafiki yangu wa siku nyingi tunamwita Fundi kwa sababu kitu hakiharibiki mbele yake kikabaki vile vile. Alafu mimi na binti yangu kwenye kayaki ya watu wawili, yeye mbele mimi nyuma. Mke wangu anabaki nchi kavu na naomba asichukuliwe poa, huko mbele mtaona kwa nini.

Mabishano yalianza hata kabla mizigo haijaisha kushushwa, na yalikuwa ya mwezi. Shemeji alitaka tuje mwezi ukiwa mpevu, kasikia samaki wanakula zaidi, Mjomba ndo aliyepanga tarehe na akachagua mwezi nusu, basi Shemeji anaona kama kaibiwa likizo yake. Binafsi niko upande wa Mjomba. Mwezi mpevu na mwezi mwandamo jua na mwezi vinavuta maji kwa mstari mmoja, ndo bamvu hilo, maji yanajaa sana yanakupwa sana na mkondo unakimbia. Mwezi ukiwa nusu, jua linavuta huku mwezi unavuta kule, maji mafu, mkondo unalegea. Mwenye boti ya injini anaweza kutaka bamvu, sawa, lakini kayaki mwendo wake wa kawaida ni kilomita tano hivi kwa saa na mtu akichoka hata hizo hazifiki, sasa ukikutana na mkondo wenye kasi kama yako unapiga kafi, unapiga, unatazama pembeni jiwe ni lile lile.

Binti akauliza sasa maji yanakimbia lini zaidi, mwanzo au mwisho? Mjomba akachutama akachukua kijiti, akachora mistari kumi na mbili mchangani. "Haya mjukuu wangu, haya ndo maji yote yanayotoka mpaka yakauke, masaa sita hivi. Saa ya kwanza unatoka mmoja." Akafuta mmoja. "Saa ya pili miwili." Akafuta. "Ya tatu mitatu, ya nne mitatu, ya tano miwili, ya mwisho mmoja. Umeona pale katikati?" Binti akahesabu akasema katikati imeondoka sita. "Ehee. Nusu ya bahari inapita masaa mawili tu. Hapo wewe usiwe langoni." Langoni anamaanisha ule uwazi kwenye mwamba ambao maji yote ya ghuba yanatokea. Shemeji alikuwa anajifanya anafunga kamba lakini nilimwona anaangalia.

Usiku mke wangu akatuandikisha. Daftari lake lina watu wangapi, kila kayaki rangi gani, tunaelekea upande gani, tutakuwa ufukweni saa ngapi, na mstari wa mwisho ni saa ambayo akiwa hajatuona wala hajatusikia anapigia watu wa uokoaji moja kwa moja, hasubiri, haulizi majirani. Saa hiyo tulikubaliana wote kwa mdomo. Shemeji kajaribu kuongeza nusu saa ya "kama samaki wanakula" akakataliwa na dada yake bila hata kuinuliwa uso.

Ijumaa

Mjomba ana sheria moja ambayo mimi ningeiandika kwenye kila kayaki inayouzwa: hakuna ndoana kugusa maji mpaka kila mtu amepinduka na kurudi juu mwenyewe. Kwa hiyo asubuhi badala ya kuvua tulikuwa tunajiangusha kwenye maji ya kifuani. Kayaki zetu zote ni za kukalia juu, zina matundu ya kutolea maji, kwa hiyo ikipinduka haijai kama mtumbwi, unaigeuza tu unapanda. Kusema ni rahisi. Unaogelea mpaka katikati yake, unashika ukingo wa mbali, miguu inapiga maji kwa nyuma mpaka mwili uje juu kama unaogelea, unajivuta tumbo lilale juu ya kayaki, unageuka ukalie makalio, miguu unaingiza mwisho. Tumbo, makalio, miguu. Wengi wanakosea pale pale mwanzo, wanataka kujivuta miguu ikiwa inaning'inia chini, kayaki inawaangukia kichwani.

Binti alipanda kama paka. Fundi naye fresh. Shemeji alipojitupa laifu jaketi ikapanda mpaka masikioni, yeye akabaki chini yake, maana hakukaza mikanda ya pembeni, anasema inambana tumbo. Mjomba hakucheka, akamwendea akamkazia yeye mwenyewe, akashika mabega ya jaketi akavuta juu kwa nguvu mara mbili, haikutoka, basi. Jaribu hilo kwenye yako kabla hujaenda popote.

Sasa wakati wa kuivuta kayaki ya Shemeji nje tukasikia maji yanatembea ndani. Sio ya juu, ndani kabisa. Fundi akafungua kizibo cha nyuma, akaiinamisha, ikamwaga maji kwa muda ambao sote tulinyamaza. Tatizo lilikuwa vile vishikio vya fimbo, Shemeji alivifunga mwenyewe nyumbani, katoboa, kakaza skurubu, hakupaka kitu cha kuziba. Kila wimbi likipita juu linaacha tone mbili tatu. Hatari yake ni kwamba maji ya ndani hayatulii, kayaki ikilala kidogo kushoto yote yanakimbilia kushoto, inazidi kulala, na wewe huelewi mbona leo kayaki imekuwa mlevi. Fundi akatoa silikoni kwenye boksi lake (nani anasafiri na silikoni? huyu) akavifungua vyote akaanza upya, kwa hiyo kayaki mpya kuliko zote ikabaki ufukweni inakauka. Shemeji akavua kwa kusimama maji ya magoti.

Na hapo ndo akapata samaki wa kwanza wa safari, tasi, kama kiganja, mzuri tu. Mjomba akapiga kelele "usimshike!" akiwa kashachelewa. Tasi ana miiba mgongoni na tumboni, ina sumu, haiui lakini maumivu yake mtu mzima anakaa chini. Shemeji alikaa chini. Dawa yake ya kwanza ni maji ya moto, joto linaivuruga ile sumu, na mke wangu alikuwa na thermos ya chai ambayo haijatiwa majani bado. Akamimina kwenye ndoo akachanganya na ya baridi, akapima kwa mkono wake mwenyewe, hilo ni muhimu kwa sababu mkono uliochomwa unaweza usijue kama maji yanaunguza, ukaongeza kidonda juu ya kidonda. Yanatakiwa moto wa kuvumilika, nyuzi 45 hivi usizidishe. Mkono ukakaa humo zaidi ya nusu saa, anabadilishiwa yakipoa. Kufikia mchana analalamika njaa, nikajua amepona.

Jioni maji yakiwa yanajaa tukaingia ghubani mimi, binti, Mjomba na Fundi, tukapata changu wadogo wengi wa kurudisha na wachache wa kubaki. Hakuna la kusimulia hapo, palikuwa patulivu na watu walikuwa wamechoka.

Jumamosi

Kabla ya kupambazuka tuko majini. Asubuhi upepo huwa unalala na mchana nchi kavu ikipata moto inavuta upepo kutoka baharini, kwa hiyo mwenye kayaki siku yake inaisha wakati mwenye boti ndo anakunywa chai. Leo kayaki zote nne. Mpangilio tumekubaliana: binti ndo anapanga mwendo. Yaani anayepiga kafi polepole kuliko wote anakaa mbele na sisi wengine hatumpiti. Shemeji na pedali zake alikuwa anateseka kweli, anaenda anazunguka anarudi, lakini ukimwacha mwenye nguvu aongoze, baada ya robo saa kundi limekuwa mstari mrefu na wa mwisho hata filimbi yake husikii.

Kwanza chambo. Tukashusha mishipi yenye vindoana vidogo vya manyoya, vitano sita kwenye mshipi mmoja na chubwi chini, unaipandisha unaishusha, vibua wakaja watatu kwa mpigo. Kuwatoa watatu wakiwa wanapapatika kwenye kayaki finyu na vindoana vimebaki vinaning'inia ni kazi, Fundi alijishona kofia na kaptula pamoja, ikabidi akae ameinama mpaka Mjomba amfikie na mkasi.

Ukingo wa mwamba maji yanabadilika rangi ghafla, hapa kijani pale bluu nzito. Tukawa tunaufuata huo mstari polepole, kibua hai nyuma, ndoana kwenye pua, mita thelathini hivi za mshipi. Nilimfungia binti ndoana ya duara na nikamwambia usishtue, ukisikia kitu wewe subiri tu uzi ukaze kisha uzungushe. Ndoana ya duara ndo uzuri wake, samaki anapogeuka kuondoka inateleza inajishika kwenye pembe ya mdomo, sasa mtu akivuta kwa pupa anamnyang'anya samaki chakula chake.

Ikakaa. Fimbo yake ilikuwa kwenye kishikio mbele yake, ncha inatikisika tiki tiki ya kibua anayeogelea. Tiki tiki ikageuka ikawa haraka haraka, kibua kaona kitu. Alafu ikatulia kabisa. Nikasema "sasa" lakini sijamaliza, ncha ikaenda mpaka majini na rili ya uzi ikaanza kulia, na binti akaangalia nyuma kunitazama mimi na macho yale, nikamwambia "ni wako huyo, mimi napiga kafi tu". Breki ya rili tulikuwa tumeiweka kama robo ya nguvu ya uzi, haikutosha kumsimamisha, kayaki ikaanza kugeuka yenyewe. Watu ambao hawajavua na kayaki hawajui hili, samaki anakuburuza, na kwa kweli ndo msaada mkubwa, kwa sababu badala ya uzi kukatika kinachokubali ni chombo. Muhimu awe mbele. Akienda pembeni na wewe umemng'ang'ania, mzigo wote uko ubavuni na hapo ndo watu wanapinduka, kwa hiyo kazi yangu yote ilikuwa kuelekeza pua ya kayaki kule uzi unakokwenda.

Akakimbilia kwenye mwamba mara mbili, mara ya pili nikasikia uzi unasugua kitu, ule mlio wa kukwaruza unaoupata kwenye meno. Ukaachia. Binti alikuwa anazungusha, anapumzika, anazungusha, mikono inatetemeka, kimya, na huyu ni mtoto ambaye hanyamazi. Akaja juu amelala ubavu, kolekole, fedha tupu, jicho kubwa linatuangalia sote. Mjomba ndo aliyemwopoa na wavu kwa sababu alikuwa karibu na kwa sababu mimi mikono yangu haikuwa inafanya kazi vizuri. Tulimpima kwa rula ya kwenye kayaki, akazidi rula.

"Wa kwangu au tumrudishe?" binti akauliza. Mjomba akamwambia ni wako, amua wewe. Akafikiri. Akasema huyu tule, ila leo sivui tena wa ukubwa huu. Nami nikaona hata mimi sina haja ya kuongeza neno.

Tukiwa bado tunashangilia Fundi akaonyesha upande wa bahari kuu, povu jeupe limeanza, moja moja. Ile skeli ya upepo aliyoitunga Francis Beaufort mwaka 1805 ina faida hii, huhitaji kifaa, unaangalia maji. Povu la hapa na pale ni namba tatu, ukiona povu limekuwa jingi kila mahali ni namba nne, kilomita kama 20 mpaka 28 kwa saa, na kwetu sisi na mtoto namba nne tunataka itukute mchangani. Filimbi, wote wakageuka. Shemeji peke yake akabaki, anaona kitu kwenye kipima kina chake, "dakika tano tu shem". Mjomba hakubishana, akasimamisha kafi. Wote tukasimama. Kundi zima linaelea linamsubiri mtu mmoja, upepo unaongezeka, hakuna anayesema kitu. Aliona aibu akaja. Nadhani angepigiwa kelele asingekuja.

Jumapili

Hatukutoka. Na leo ndo siku ya malalamiko kwa sababu bahari ya ufukweni ilikuwa imelala kabisa, hakuna wimbi, na Shemeji anapita mbele yetu kila baada ya dakika chache anasema mbona shwari. Shwari kweli, maana upepo ulikuwa unatoka nchi kavu. Huu ndo upepo ninaouogopa kuliko ule wa jana. Ule wa jana ukikushinda unakutupa ufukweni, unatoka umelowa na una hasira. Huu ukikaa karibu na miti unahisi hewa nzuri tu, kwa sababu pwani imekukinga, ukitoka mita mia tano ndo unakutana nao wenyewe na unakusukuma kule usikotaka, na kadiri unavyosukumwa mawimbi yanakua.

Maneno hayakumwingia mpaka watoto waliokuwa wanacheza pale mpira wao wa plastiki ukadondoka majini. Kijana mmoja akataka kuufuata, Mjomba akamshika mkono. Mpira ukaondoka. Haukwenda kwa fujo, uliteleza tu, baada ya muda ukawa kidoti, tukaendelea kuongea, tulipotazama tena haupo. Shemeji akakaa chini akaanza kupanga vyambo vyake bandia kwa rangi. Haikusemwa tena shwari.

Mchana ukaenda kwenye vifaa. Tukakata zile mita za mwanzo za uzi wa binti zilizosugua mwamba, ukipitisha ukucha unasikia vipele, uzi wa hivyo usiuonee huruma. Fundi akahamisha redio ya VHF ya Shemeji kutoka kwenye kayaki akaifunga kwenye laifu jaketi, kwa hoja ambayo haina majibu: ukianguka kayaki ikaenda zake, unaongea na nani? Chaneli ni 16, ya dharura na ya kuitana, dunia nzima, tukafanyisha hata binti mazoezi redio ikiwa imezimwa, sema mko wapi, mko wangapi, mmepatwa na nini. Kafi nalo lifungwe kamba, simu kwenye mfuko usioingiza maji, kisu kifuani sio kwenye boksi.

Jioni stori. Binti alitaka kujua nani aligundua kayaki, nikamwambia ni watu wa kaskazini ya mbali kabisa, Wainuit na majirani zao, fremu ya mbao zilizoletwa na maji au ya mifupa na juu ngozi ya sili iliyoshonwa, wanawinda nayo kwenye maji ya barafu ambayo ukianguka huna muda. Kwa hiyo kayaki tangu mwanzo ni chombo cha kutafutia kitoweo, sio mchezo. Za pedali kama ya Shemeji ni mambo ya juzi tu, kampuni ya Hobie walitoa MirageDrive yao mwaka 1997, mapezi mawili chini yanapishana ukikanyaga. Alafu Fundi akaleta habari ya Aleksander Doba, yule mzee wa Poland aliyevuka Atlantiki kwa kayaki, Dakar mpaka Brazil, siku 99, mwaka 2010 kwenda 2011, akiwa na umri wa miaka 64. Akarudia tena na tena. Na alifia wapi? Juu ya Kilimanjaro, Februari 2021, kafika kileleni, akakaa kupumzika. Mjomba alinyamaza kidogo kisha akauliza: "Sasa siku 99 mtu anakaaje makalio?" Hapo mazungumzo yakaharibika mpaka muda wa kulala.

Jumatatu

Upepo umegeuka usiku na umelegea. Maji kila siku yanachelewa karibu saa nzima kwa hiyo leo kujaa ni mchana, maana yake asubuhi yote maji yanaingia, yakitushinda yanatuleta ndani. Mjomba akasema leo tutapita langoni tuchungulie nje, ila tutarudi kabla hayajaanza kutoka. Mke wangu akaandika saa, akazungushia duara.

Nje ya mwamba mawimbi ni marefu, mapana, kayaki ya mwenzako inapotea unabaki unaona kofia, inarudi. Binti kichefuchefu kikamshika, nikamwambia tazama mbali, usitazame chini kwenye vyambo, na apige kafi, kuwa na kazi kunasaidia. Akakaa sawa.

Kwa nguru tulifunga kipande kifupi cha waya mbele ya ndoana, manake meno yake ni mkasi, nailoni haimsumbui. Fundi alikuwa wa kwanza, kavuta, kavuta, alafu uzito ukabadilika, ukaongezeka sana, ukapungua ghafla. Alichokileta juu ni kichwa na mabega ya jodari mdogo, kilichobaki kimekatwa safi kabisa kwa mkunjo mmoja. Papa kachukua kodi. Fundi akakiangalia kile kichwa, akatuonyesha wote mmoja mmoja kama mtu anayeuza. Tukahama, hamna mjadala, papa akishajua kayaki zinaleta chakula hataondoka na nyie mtakuwa mnamvulia yeye. Ndo maana pia Mjomba hataki samaki achinjwe kwa kuning'inizwa pembeni, damu yote inatiririka majini na miguu yako iko hapo hapo. Yeye anamtia mfuko kwanza.

Na wa Shemeji akaja pale tulipohamia, dakika chache kabla ya muda wa kugeuka. Rili yake ililia hadi nikadhani imeharibika. Nguru mbio yake ya kwanza haina breki, unaangalia uzi unaisha tu. Nilitegemea Shemeji apaniki lakini kwa kweli nimpe haki yake, akatulia, akainua pedali zake ili uzi usikamate mapezi chini, akageuza pua, akaacha aburuzwe. Mjomba alikuwa anamfuata kwa pembeni anasema kwa sauti ya chini "mwache... mwache... haya sasa chukua". Alipofika ubavuni ni mrefu, mistari ubavuni inang'aa, Shemeji kamtoboa na kulabu nyuma ya kichwa, kamlaza mapajani, mkono mmoja juu ya mkia, mdomo ameuelekeza mbali naye. Kabla hajasema lolote kampiga pigo la ubongo na kamkata matamvua ndani ya mfuko, kama alivyofundishwa. Alafu ndo akapiga kelele. Nadhani nchi kavu walisikia.

Nguru, jodari, na hata vibua wa chambo, hawa sio samaki wa kuacha juani wakipigwa picha. Nyama yao ikipata joto bakteria wanatengeneza histamini, na ile haiondoki kwa kupika, wala kukaanga, wala limau, unakula samaki anayenuka vizuri tu uso unawaka na moyo unakimbia. Kwa hiyo picha moja, akaingia mfuko wa baridi, barafu iliyochanganywa na maji ya bahari. Mchanganyiko huo unamgusa samaki kila upande, barafu peke yake inaacha mapengo. Shemeji alitaka picha ya pili, kimsingi alitaka za kutosha ukuta, lakini muda.

Muda ulikuwa kweli. Langoni maji yalikuwa yamesimama, hayaingii hayatoki, tukapita katikati bila kupiga kafi kwa nguvu, na nyuma yetu upepo wa mchana unaanza kuokota povu. Tulikanyaga mchanga robo saa kabla ya duara la mke wangu. Alikuwa amesimama, simu mkononi, namba ya uokoaji tayari kwenye kioo, hajaibonyeza. Hakusema chochote cha samaki kwanza. Alihesabu: mmoja, wawili, watatu, wanne, watano. Akaweka simu mfukoni. "Haya, mmeleta nini?"

Yule nguru aligawanywa vipande na Mjomba, na kipande cha kwanza hakikwenda kwa aliyemvua, kilikwenda kwa wenye mpira uliopotea jana.

Jumanne

Kuosha. Rili kwa maji baridi ya mnyunyizo mwepesi, sio bomba la nguvu maana linasukuma chumvi ndani, breki zilegezwe kabisa zisikae zimebana mpaka safari nyingine, ndoana zote zisuuzwe, vizibo vya nyuma vifunguliwe. Kwenye ya Shemeji hakikutoka hata kijiko cha maji, Fundi akainama akatazama ndani na tochi kabisa, akasimama, akajipongeza mwenyewe.

Njiani kurudi, Shemeji akaanza tena na mwezi mpevu. Mjomba akamjibu akiwa kafumba macho: "Bamvu twende, lakini ghubani, na binti ndo anaongoza." Akakubali upesi mno, mpaka nikashuku.

Tulipofika nyumbani gari lilikuwa linanuka kitu ambacho kila mtu alidhani ni mwenzake. Vibua wawili, kwenye kile kiboksi kidogo mbele ya kiti cha kayaki mpya, tangu Jumamosi. Fundi anasema silikoni haizibi hilo.